Mitego imejaa inzi, embe bado zina funza

MamaMiembe: Wadau, nimetundika mitego ya inzi wa matunda, kila wiki namwaga kikombe kizima cha inzi. Lakini nikipasua embe nakuta funza weupe wanarukaruka. Mtego feki huu?

Shambani: Pole dada. Si feki. Chambo cha methili eujenoli, ile dawa ya harufu inayowekwa kwenye mitego kama yako, huvuta madume tu, jike anaendelea kudunga embe na kutaga chini ya ganda. Embe zinazoanguka unazifanyaje?

MamaMiembe: Naziacha zioze ziwe mbolea.

Shambani: Basi inzi unawafuga mwenyewe! Funza hutoka, hujichimbia udongoni, hurudi wakiwa inzi. Okota kila baada ya siku mbili, funga kwenye mfuko mweusi wa plastiki uanike juani, au zika kina cha nusu mita. Zenye vidonda mtini nazo chuma.

Mzee_Korosho: Ongeza chambo cha protini, hicho majike hukifuata. Nyunyiza sehemu ndogo ya majani, si mti mzima. Na majimoto, wale sisimizi wanaoshona majani, usiwaue. Wananing'ata kila mavuno nawatukana, ila mti wao ndio wenye embe safi.

MamaMiembe: Majimoto! Na mimi niliwachoma moto mwezi uliopita.