Mfupa ukishaunga, hudhurio la ufuatiliaji lipewe msimbo gani?

Swali

Ndugu wanataaluma, naomba mwongozo. Mgonjwa alivunjika mfupa wa kigasha karibu na kifundo cha mkono wa kulia, mvunjiko wa Colles usio na jeraha la wazi, akafungwa plasta kwa wiki sita. Sasa amerudi, na daktari ameandika mstari mmoja tu: "Mvunjiko umepona, eksirei ni nzuri, arudi akipata shida." Tunatumia ICD-10-CM ya Marekani, mfumo wa misimbo ya magonjwa na majeraha. Mwenzangu anashikilia Z47.89, yaani uangalizi wa baada ya tiba ya mifupa, ilhali mimi niliandika S52.531D, yaani msimbo wa mvunjiko wenyewe ukiwa na herufi D mwishoni. Nani amepatia?

Jibu la kwanza

Z47.89 iwekeni kando, kwa kuwa mwongozo rasmi unakataza misimbo ya Z ya uangalizi itumike kwa majeraha. Msimbo wa jeraha lenyewe hubaki, na herufi ya saba ndiyo inayoeleza hatua iliyofikiwa: A wakati tiba hai inaendelea, D mfupa unapounga kama kawaida, G unapochelewa, K usipounga, P ukiunga vibaya. (A haina maana ya hudhurio la kwanza, ingawa wengi tulianza kazi tukiamini hivyo.) Hata hivyo, mimi ningeandika Z09, ukaguzi wa ufuatiliaji baada ya matibabu kukamilika, ikifuatwa na Z87.81, historia ya mvunjiko uliopona, kwa sababu daktari amesema mfupa umepona.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu Z47, lakini ningesita kuhusu Z09. Msimbo huo hudai mambo mawili: ugonjwa haupo tena, na matibabu yake yalikuwa yamekamilika kabla mgonjwa hajaja kuangaliwa. Neno "umepona" linathibitisha la kwanza tu. Ikiwa eksirei hii ilikuwa sehemu ya mpango uleule wa tiba, basi mgonjwa aliingia chumbani akiwa bado katika kipindi cha kupona, na D inasimama. Je, plasta iliondolewa lini, na aliambiwa nini siku hiyo?

Muuliza swali

Iliondolewa wiki mbili kabla. Alipewa mazoezi ya kufanya nyumbani na tarehe ya kurudi kwa eksirei.

Jibu la pili

Basi ni D. Akirudi baada ya miezi kadhaa kwa ukaguzi tu, hapo ndipo Z09 pamoja na Z87.81 zitakapofaa. Akija kwa sababu kifundo kimekakamaa kutokana na mvunjiko huo, andika kwanza M25.631, msimbo wa kukakamaa huko, kisha S52.531S, maana S huonyesha athari iliyobaki.

Jibu la tatu

Nadhani mkanganyiko mwingine hutoka kwa waliojifunza ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, ambayo ina Z09.4 mahususi kwa ufuatiliaji wa mvunjiko. Toleo la Marekani halikuigawa Z09 namna hiyo. Vilevile, kama mgonjwa ana osteoporosisi (ugonjwa wa mifupa kudhoofika) na alivunjika kwa kuanguka kidogo tu, jambo ambalo mfupa wenye afya ungelihimili, msimbo hutoka kundi la M80, wala si S52, na historia yake baadaye ni Z87.310.

Muuliza swali

Hana osteoporosisi. Nimemwomba daktari aongeze katika maelezo yake kwamba eksirei hiyo ilikuwa ya kukamilisha mpango wa tiba. Ameongeza, na dai la malipo limekwenda na S52.531D.