Riteki mbili mwaka wa kwanza wa uhandisi wa ujenzi: niendelee, nihamie diploma au niende saiti Juba?

MwanaWaMwashi (Busia)

Salamu wakubwa kwa wadogo. Nimesoma nyuzi nyingi hapa bila kuandika, leo naomba mnisikilize.

Nimemaliza mwaka wa kwanza wa sivil katika chuo kimoja hapa Uganda, kozi ya miaka 4. Matokeo yametoka wiki iliyopita. Hesabu za uhandisi nimepata 44, mekanika 41. Alama ya kufaulu ni 50, kwa hiyo nina riteki mbili, yaani masomo mawili ya kurudia. Masomo mengine nimepita, na upimaji wa ardhi nimepata 71.

A-level nilisoma PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu. Fizikia ndiyo iliyoniangusha, nikakosa nafasi ya serikali. Mkopo wa HESFB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, niliomba wakati wa kujiunga, nao nikaukosa. Baba ndiye anayelipa, milioni moja na laki tisa kwa semista, chumba na chakula mbali. Yeye ni mwashi hapa Busia, ameshika mwiko miaka 26. Amebakiwa na ng'ombe wawili na anataka kuuza mmoja mwezi ujao. Bado sijamwambia habari za riteki. Jana jioni alikuwa anamwonyesha jirani kitambulisho changu cha chuo, nikashindwa kukaa pale.

Mjomba wangu anasimamia majengo Juba. Ananiambia niache, nikawe msaidizi wake, analipa kwa dola.

Shida yangu mekanika ni moja: fomula nazikariri zote, lakini wakibadilisha swali kidogo tu sijui nianzie wapi. Nasimamisha masomo mwaka mmoja? Nahamia diploma? Au Juba? Naombeni ushauri wa kweli.

Nondo12mm

Pole sana mdogo wangu. Mimi nilimaliza sivil 2016 nikiwa nimebeba riteki tatu njiani, na leo nafanya kazi ya barabara. Riteki si msiba, ila ina hesabu zake. Somo la semista ya pili kwa kawaida hulirudii mpaka lifundishwe tena, yaani mwakani. Wakati huo mwaka wa pili umeshakuwekea mekanika ya vitu vigumu, mekanika ya maji na udongo, na yote yanasimama juu ya hiyo mekanika uliyoanguka. Wengi wanaishia hapo. Riteki yenyewe haiwaui, wanauawa na kujenga ghorofa la pili wakati la kwanza halijakauka.

Kwa hiyo usingoje darasa la riteki. Jifunze mekanika hii likizo hii, kabla ya Agosti. Na kesho asubuhi nenda kwa msajili wa kitivo uulize mambo mawili: riteki inalipiwa kiasi gani, na alama zako zinakuweka katika hali gani. Omba jibu kwa maandishi.

Juba_Road

Kijana, mimi ningekwenda. Ng'ombe akiuzwa harudi. Nina wenzangu wenye digrii waliokaa Kampala miaka miwili wakizunguka na bahasha. Huko utashika kazi kwa mikono na utatuma pesa nyumbani. Ukishajaza mfuko, chuo kipo.

MzeeWaMaramu

Nimesoma maneno ya Juba_Road na simlaumu, njaa haina mjadala. Lakini naomba nieleze upande wangu, maana mimi ndiye huyo mtu wa saiti.

Niko kwenye ujenzi tangu 1994. Nimemwaga zege zaidi ya wahandisi wengi ninaofanya nao kazi. Naijua maramu nzuri, ule udongo wa changarawe wa barabara, kwa kuifinya mkononi, na ndiyo maana wakanipa jina hili. Lakini tangu sheria ya usajili wa wahandisi ya 1969, mhandisi hapa nchini ni yule aliyesajiliwa na bodi, na bodi inaanza kwa kukuuliza digrii. Ukiipata, unafanya kazi miaka kadhaa chini ya aliyesajiliwa, halafu unaomba usajili wako. Mimi sina. Kuna jengo moja nilimwambia mwenyewe kwamba nguzo za pembeni ni nyembamba na msingi umekaa juu ya udongo mweusi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Akaniuliza, "Wewe ni nani?" Sikuwa na jibu la karatasi. Kazi iliendelea. Ukuta wa nyuma umepasuka kutoka dirishani mpaka chini, mkono unapita.

Wewe unaishi mpakani. Uganda, Kenya na Tanzania zilitia saini mwaka 2012 kutambuana wahandisi waliosajiliwa. Ukisajiliwa, huo mpaka mnaoutazama kila siku unakuwa mlango wa kazi. Juba haitahama. Na mjomba kama anakupenda, mwambie atakupokea ukiwa na karatasi.

Jambo moja zaidi. Mwambie baba yako kabla hajauza. Mtu anapouza ng'ombe ana haki ya kujua anachonunua.

Dada_Elgon

Nakubaliana na mzee kuhusu baba. Kuhusu diploma: si aibu hata kidogo, mimi nilianzia huko kisha nikaingia chuo kikuu kwa njia ya wenye diploma. Lakini mimi nilianza nayo kwa sababu A-level haikunifikisha. Wewe tayari uko ndani. Ukitoka leo, utalipa miaka ya diploma halafu ulipe tena digrii. Na hesabu zitakungoja kulekule, hata diploma ina mekanika.

Upimaji 71 si mchezo. Mtu anayesoma levo, kile kifaa cha kupimia usawa wa ardhi, vizuri na kufunga hesabu zake mpaka tofauti inabaki milimita chache ana kichwa cha kazi hii. Mimi natoka upande wa Bududa. Nilikuwa shuleni Machi 2010 mlima ulipoporomoka ukafunika kijiji cha Nametsi, na nilichagua sivil siku zile. Watu kama wewe tunawahitaji, usiondoke kwa sababu ya 41.

MamaLevo

Mdogo wangu, wenzangu wameshakushauri kuhusu uende wapi. Mimi nataka kugusa hapo uliposema fomula unazikariri, kwa sababu nimefundisha vijana wengi wa mazoezi kazini na hilo ndilo naliona kila mara. Mekanika haianzi na fomula. Inaanza na mchoro.

Fanya hivi leo usiku. Chukua sifongo la kuoshea vyombo. Kwa kalamu, chora mistari iliyosimama ubavuni mwake, ipishane kama sentimita moja. Liweke juu ya vikombe viwili, halafu bonyeza katikati kwa kidole. Tazama mistari: juu inakaribiana, chini inaachana. Juu panagandamizwa, chini panavutwa. Sasa zege ni hodari kwa kugandamizwa, lakini kwa kuvutwa nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Ndiyo maana nondo kubwa za boriti tunazilaza chini.

Kisha toa vikombe. Bana upande mmoja wa sifongo ukingoni mwa meza, uache mwingine uning'inie hewani, ubonyeze ile ncha. Mistari imefanya nini juu?

Ukishaona hilo, njoo kwenye namba. Boriti ya mita 4 imekaa juu ya kuta mbili, mzigo ni kilonyutoni 10 (kilonyutoni ni kipimo cha nguvu) kwa kila mita. Usitafute fomula. Mzigo wote ni 40, kila ukuta unabeba 20. Kata boriti katikati, futa nusu ya kulia, baki na kipande cha mita 2. Chora kwa mishale kila kinachokisukuma: ukuta unasukuma juu 20 kwa umbali wa mita 2, mzigo unashuka 20 na kitovu chake kiko mita 1 kutoka ulipokata. Ishirini mara mbili, toa ishirini mara moja. Unapata kilonyutoni-mita 20. Hiyo ndiyo momenti ya kupinda, yaani kipimo cha jinsi mzigo unavyoikunja boriti, na hujakariri kitu.

Halafu fanya boriti ileile, mzigo uleule, ila ishikwe ukuta mmoja tu, ule mwisho mwingine uwe hewani. Niletee jibu, na uniambie nondo ungeziweka wapi.

MwanaWaMwashi (Busia)

Nawashukuru sana nyote. Mzee, maneno yako ya "anachonunua" yalinikosesha usingizi.

Dada MamaLevo, sifongo nimefanya, mdogo wangu wa darasa la tano akinishikia meza. Ukining'iniza upande mmoja, mistari inaachana juu. Namba nimepata hivi: mzigo wote 40, kitovu chake mita 2 kutoka ukutani, kwa hiyo 80. Mara nne ya ile ya kwanza! Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Na nondo zingekaa juu.

MamaLevo

Hujakosea. Umeona sasa kwa nini roshani, inayoshikwa upande mmoja tu, ni kitu cha kuogopwa? Mafundi wakizikanyaga nondo zile za juu wakati wa kumwaga zege, zikashuka chini, roshani inabaki haina kinachoishika, na kwa nje hutaona tofauti yoyote.

Nondo12mm

Dada umefundisha vizuri kuliko mhadhiri wangu wa zamani. Kijana, ongeza hili: tafuta wenzako wawili wenye riteki ileile, mkutane kila siku saa mbili, maswali matano na si ishirini. Na hesabu usizisahau kwa sababu ya kupenda mekanika. Nyingi za mwaka wa kwanza ni kutofautisha na kukusanya, yaani kalkulasi, fanya kwa mkono kila siku kama mazoezi ya viungo.

Halafu kitu ambacho wengi hawakuambii: ukienda kwenye daraja jipya la Nile pale Jinja, lile la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, simama uangalie zile nyaya. Lina mita 525, na mchoro wake wa kwanza ni huohuo wa mishale unaouchora wewe. Mimi nilipelekwa pale likiwa bado linajengwa, nikiwa nimekata tamaa na somo la miundo ya majengo. Nilirudi nikiwa mtu mwingine.

Juba_Road

Nimesoma yote. Basi kijana, ukitaka kuja, njoo likizo baada ya mwaka wa pili, uje na kitabu chako cha mazoezi ya kazi, mjomba akutafutie mhandisi wa kukisaini. Uliza chuo kwanza kama wanakubali saiti ya nje ya nchi.

MwanaWaMwashi (Busia)

Nimerudi na habari. Kwa msajili nimefika. Nimeruhusiwa kuendelea mwaka wa pili, riteki zote mbili nitazifanya zitakapofundishwa, na nimepewa karatasi yenye ada yake.

Jana nimemwambia baba. Nilianza na karatasi ya matokeo, akaitazama kimya muda mrefu. Sikujua niseme nini, nikachukua kile kipande cha sifongo nikamwonyesha. Nikamweleza za roshani, 20 na 80. Akaniuliza, "Kwa hiyo ndiyo sababu?" Akaniambia alipokuwa kibarua, fundi wake alimzaba kofi kwa kulaza nondo za roshani chini, hakumweleza kwa nini, na tangu siku hiyo huziweka juu na kuzifunga vigoda zisishuke. Miaka 26 hakuna aliyemwambia sababu. Akaenda nje kutafuta kijiti, tukachora sakafuni boriti ya nyumba anayojenga sasa karibu na stendi. Ina mita 5. Alitaka kujua nondo anazoweka zinatosha. Nikamwambia hapo bado sijafika, hilo tunafundishwa mwaka wa tatu.

Ng'ombe atauzwa. Amesema yeye ndiye atakayeamua hilo, si mimi.

Dada MamaLevo, nina maswali ya mtihani wa mwaka jana. La tatu lina boriti yenye mizigo miwili na ukuta mmoja haupo mwishoni, uko ndani kidogo, ncha inatokeza. Nimekwama hapo.

MamaLevo

Liweke hapa kesho jioni. Usiniletee jibu, niletee mchoro wako wa mishale. Na kabla ya kuchora, rudi kwenye sifongo: vikombe viwili, kimoja kiingize ndani, bonyeza ile ncha inayotokeza. Uniambie mistari inaachana wapi.