Nazidisha matriksi kwa C: mbona -O3 haibadili mpangilio wa vitanzi?

kodi_usiku: Wakuu, matriksi mbili za 1024 × 1024, double, kompaila GCC 13 na -O3 (kiwango cha juu cha uboreshaji). Vitanzi ni i, j, k; cha ndani kabisa kinafanya c[i][j] += a[i][k] * b[k][j]. Zote ni double **, kila safumlalo na malloc yake. perf (zana ya kupima utendaji) inaonyesha muda mwingi unaliwa na usomaji wa b. Si -O3 inawasha -floop-interchange (kubadilishana kwa vitanzi)?

mzee_wa_gdb: Inaiwasha, tangu GCC 8. Kinachoikwaza ni hiyo double **. Anwani ya kila safumlalo inasomwa kutoka kwenye kumbukumbu, na kompaila haiwezi kuthibitisha kwamba kuandika c hakugusi a wala b. Ikikosa uhakika, inaacha vitanzi kama ulivyoviandika. Tenga bloku moja kwa kila matriksi, pokea kama double (*restrict b)[1024], kisha kompaili na -fopt-info-loop. Ikikubali utaona "loops interchanged in loop nest". Ila restrict ni ahadi yako kwamba kumbukumbu hiyo haiguswi kupitia pointa nyingine: ukiivunja, majibu yanaharibika bila onyo lolote.

Kashe64: Mimi nisingeiachia kompaila. Andika i, k, j kwa mkono. Mstari wa kashe (kiasi kinacholetwa kwa mara moja kutoka kwenye kumbukumbu) ni baiti 64, yaani double 8; ukishuka b kwa safuwima unatumia moja tu kati ya hizo 8, halafu unaruka kwenda ukurasa mwingine. Kwa i, k, j zote 8 zinatumika, na GCC inavektaisha (inakokotoa namba kadhaa kwa pamoja) bila -ffast-math, ruhusa ya kubadili mpangilio wa hesabu za desimali, kwa sababu kitanzi cha ndani hakina tena jumla moja inayokusanywa.

kodi_usiku: Nikikata matriksi kuwa vigae (vipande vidogo) vya 32 × 32?

mzee_wa_gdb: Vigae vitatu ni 3 × 32 × 32 × 8, KiB 24, vinaenea kwenye L1 (kashe ya ngazi ya kwanza) ya KiB 32. Lakini hapo bloku moja inakuletea balaa jipya. Safumlalo ya baiti 8192 ni kigawe cha 4096, kwa hiyo kwenye L1 yenye seti 64 na njia 8 (kila seti inabeba mistari 8 ya kashe), safumlalo zote 32 za kigae cha b zinagombania seti zilezile 4, na zinafukuzana. Tenga upana wa 1032, tumia 1024 tu. Kila safumlalo itasogea mstari mmoja wa kashe mbele, na mgongano unakwisha.

Kashe64: Na upana huo uwe 1032 kwenye tamko la pointa pia, si kwenye malloc peke yake.