Mrejesho: laptopu inawaka haraka lakini printa haionekani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini laptopu ya steshenari yangu inawaka upesi, sekunde 25 hivi, ila kila asubuhi printa haionekani mpaka niiristati, na nikiingia Ubuntu (mfumo endeshi mwingine ulio kwenye mashine hiyohiyo kando ya Windows) diski D inagoma kuandikwa faili.

Mlioniambia nizime Fast Startup, yaani kipengele cha Windows cha kuwaka haraka, mlipatia. Kumbe tangu Windows 8, kipengele hicho kikiwa kimewashwa, ukibonyeza Shut down mashine haizimi kikamilifu: kiini cha mfumo na draiva vinahifadhiwa kwenye faili la hiberfil.sys, kesho vinarudishwa vilevile, na kasoro zake za jana. Kuristati ndiko huanza upya kweli, ndiyo maana kulikuwa kunatibu. Ubuntu nayo ikikuta diski imeachwa hivyo, inaifungua kwa kusoma tu.

Nimetoa tiki ya Fast Startup kwenye Power Options. Sasa nasubiri dakika 1 na sekunde 10 (ni HDD, diski ya kizamani ya kuzunguka, msinicheke), lakini wiki ya pili hii printa inaitika yenyewe.

Aliyesema niandike powercfg /h off, samahani mkuu, sikukufuata. Amri hiyo inaondoa hibaneti yote (mashine kuhifadhi kazi zilizo wazi kwenye diski kisha kujizima), na umeme ukikatika hiyo ndiyo inayoniokoa na kazi za wateja nusunusu.