Ada ya ujenzi chuoni: je, mwanafunzi wa leo ndiye alipe?

Mzazi wa Mbale
Ndugu zangu, chuo kikuu cha umma anakosoma binti yangu kinapendekeza kupandisha ada ya kila muhula ili kijenge ukumbi wa mihadhara na maabara. Sipingi ujenzi, kwani naambiwa wanaochelewa husikiliza mhadhara wakiwa madirishani. Linalonisumbua ni kwamba binti yuko mwaka wa tatu, na jengo likikamilika atakuwa amekwisha kuhitimu. Je, ni haki alipie asichokitumia?

Mhasibu Mstaafu, Entebbe
Ndugu Mzazi, hoja yako ina uzito hata kihasibu. Jengo linalotarajiwa kudumu miaka hamsini hugharimiwa na vizazi vitakavyolitumia, na ndiyo maana hujengwa kwa bajeti ya taifa au kwa mkopo wa muda mrefu. Ada ya muhula inafaa kulipia yanayokwisha ndani ya muhula, kama vile umeme, kemikali za maabara na karatasi za mitihani. Jengo Kuu la Makerere, lililoungua Septemba 2020, lilijengwa upya kwa fedha za serikali, na majengo makubwa mawili ya kufundishia ya chuo hicho yalitokana na mradi wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Isitoshe, makusanyo ya vyuo vya umma siku hizi hupitia Mfuko Mkuu wa Hazina kabla ya kurudi chuoni kwa njia ya bajeti, na shilingi iliyotozwa kwa jina la ujenzi haina alama usoni.

Mwanafunzi wa Uzamili, Kampala
Wazee wangu, kwa heshima, kusubiri Hazina nako kuna gharama, nayo hulipwa na huyohuyo aliye dirishani. Hata hivyo, njia ya kupandisha ada tumekwisha kuiona. Makerere ilipoanza mwaka 2018 kuongeza asilimia 15 kila mwaka, iliwagusa wanafunzi wapya tu, lakini Oktoba 2019 maandamano yalizuka na askari wakaingia hadi mabwenini. Mimi nawafikiria zaidi wanaotegemea Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu: mkopo hulipa karo lakini si chakula wala malazi, na karo ikipanda huku mfuko wa Bodi ukibaki ulivyo, watakaopata mkopo watapungua. Hao hawatakuwepo kwenye mkutano wowote wa kuulizwa maoni.

Mzazi wa Mbale
Ahsanteni. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, nitaomba tuonyeshwe ramani na makadirio ya jengo, tarehe ambayo tozo itakoma, na iwapo walio mwaka wa mwisho watasamehewa.

Mhasibu Mstaafu, Entebbe
Ongeza moja: majibu yawe katika azimio la Baraza la Chuo, kwa maandishi. Ahadi ya mdomo haikaguliwi na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.