Ziwa la Elfu Tano

*UKOO WA BIBI MWANAJUMA 🌴*

*Jumapili jioni*

Sauda: Assalaam alaykum ukoo. Shule zinafunga mwezi ujao, na safari hii tulikubaliana hatukai tena hapa Kampala, Kibuli, kula pilau na kutazamana. Nataka maji. Watoto waogelee, wakubwa watembee, tulale hukohuko siku tatu. Leteni maoni, msiniletee vidole gumba.

Baba Aisha: 👍🏾

Sauda: Baba Aisha!!

Baba Aisha: 😂😂 Haya. Mimi nasema Entebbe. Ni karibu, jioni kila mtu analala kwake, habari ya mahema imekwisha.

Swaleh: Entebbe ni ya kila Idi jamani. Watu wamejaa hadi mchanga huuoni. Twendeni Ssese! Visiwa 84. Unapanda meli Nakiwogo mchana, jioni uko Bugala. Nimeona picha, mchanga mweupe, minazi imejipanga

Mjomba Hamisi: Hiyo si minazi, ni michikichi. Kalangala wanalima mawese.

Swaleh: Mjomba kwenye picha ni kitu kilekile

Shangazi Rukia: Ziwa Victoria na watoto? Hapana.

Swaleh: Shangazi watu wanaogelea kila siku

Shangazi Rukia: Na haohao tunakuja kuwapanga foleni tuwape vidonge. Tuna mti wa kupimia, umechorwa alama, mtoto anasimama mgongo wima, kadiri alivyo mrefu ndivyo vidonge vinavyoongezeka. Nimesimama na ule mti vijiji vingi vya wavuvi, usinifundishe ziwa.

Swaleh: Basi Shangazi, sijasema kitu 🙏🏾

Shangazi Rukia: Nitasema mimi, maana naona wengi humu mnadhani kichocho ni kunywa maji machafu. Hunywi chochote. Mgonjwa anajisaidia kando ya ziwa, mayai yanaingia majini, yanaanguliwa, vijidudu vinatafuta konokono. Vikishakua humo ndani vinatoka, hasa jua likiwa kali, saa ileile nyinyi mnayopenda kuvua mashati. Vinapenya ngozi. Mguu mzima kabisa, hauna hata mkwaruzo. Usiku unawashwa kidogo, unasingizia mbu. Hiki cha Ziwa Victoria ni kichocho cha tumbo, minyoo inakaa kwenye mishipa ya utumbo na mayai yanakwenda kuharibu ini. Nimepokea wavuvi vijana kabisa, tumbo limejaa maji, wanatapika damu. Ufukwe wenye majani mengi na maji yaliyotulia ndio mzuri kwa picha, na ndiko konokono wanakokaa.

Baba Aisha: Nilikuwa nakula.

Shangazi Rukia: Endelea kula, hakiambukizi kwa simu.

Swaleh: Si tunameza dawa kabla hatujaenda, yanaisha?

Shangazi Rukia: Praziquantel haikingi. Inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaipita hivihivi. Ndiyo maana aliyeogelea anaambiwa aje wiki 6 hadi 8 baadaye.

Mjomba Hamisi: Mburo je? Kila nikipeleka mzigo Mbarara napita mlangoni. Punda milia wanakula kandokando ya barabara bila wasiwasi. Mahema unapiga ukingoni mwa ziwa.

Sauda: Mjomba, Mburo ina viboko. Na mamba. Nani ataogelea?

Mjomba Hamisi: Nimesema mahema, sijasema kuogelea.

Shangazi Rukia: Kiboko anatoka majini usiku kula nyasi. Wewe unatoka hemani usiku kwa sababu unazozijua. Mkikutana wewe uko kati yake na maji, atapita palepale ulipo.

Mjomba Hamisi: Basi nimefuta.

Bibi: 🎤 *Ujumbe wa sauti (0:48)*

Sauda: Kwa ambao hamna bando: Bibi anauliza, kwani Uganda nzima hakuna maji mtu anaweza kuingia akatoka na afya yake?

Wifi Grace: Yapo Bibi. Shikamoo. Njooni kwetu Kabale, ziwa Bunyonyi.

Wifi Grace: Mimi nimekulia pale. Asubuhi tulikuwa tunavuka kwa mtumbwi kwenda shule, wakubwa wanapiga kasia sisi wadogo tunachota maji kwa kopo kuyamwaga nje. Hakuna kiboko, hakuna mamba, na kichocho hatukukijua. Ni bonde lililozibwa na lava zamani za volkeno, maji yakajaa yakapanda hadi mabega ya vilima. Ndiyo maana visiwa vyake, viko 29, vimekaa kama vichwa vya watu waliozama hadi shingoni.

Baba Aisha: Wifi umeanza vizuri ukaja kumalizia na maiti.

Wifi Grace: 😂😂

Swaleh: Ngoja. Kuna Nkuruba pia, kule Fort Portal. Ziwa la kreta, dogo, msitu umelizunguka, mbega juu ya miti. Unapiga hema pale juu unashuka unaogelea. Na jirani yake kuna Nyinambuga, lile la kwenye noti ya 20,000

Wifi Grace: Bunyonyi iko kwenye noti ya 5,000.

Mjomba Hamisi: Twendeni ya elfu tano. Ya elfu ishirini haimo kwenye bajeti yangu.

Baba Aisha: 🤣🤣🤣🤣

Sauda: Fort Portal ni karibu zaidi lakini, mwendo wa saa nne au tano umefika. Kabale ni kilomita 400 na ushei. Pigeni kura tuone.

*Kura: Bunyonyi 9. Nkuruba 3. Entebbe 1.*

Sauda: Baba Aisha tunakuona.

*Jumatatu*

Sauda: Bunyonyi imepita. Wifi, tueleze kulala, kula, na baridi. Bibi anataka kujua baridi.

Wifi Grace: Baridi ipo, siwadanganyi. Ziwa liko karibu mita 2,000 juu. Usiku mnavaa soksi, sweta, na blanketi mnaongeza. Alfajiri ukungu unalala juu ya maji, kisiwa cha jirani hukioni. Lakini saa nne jua likitoka unavua vyote. Msichelewe tu, Septemba mvua zinaanza na ile njia ya kushuka kutoka Kabale inateleza.

Mjomba Hamisi: Mimi hemani silali. Nina nyumba Kibuli, nina kitanda, nikalipe nilale chini?

Wifi Grace: Kuna vyumba pia Mjomba. Vijana mahemani, wazee vitandani.

Mjomba Hamisi: Nani mzee?

Bibi: 🎤 *Ujumbe wa sauti (0:09)*

Sauda: Bibi anasema wewe, Hamisi.

Wifi Grace: Chakula: kamba wapo. Kamba wa maji baridi, wekundu wakishaiva, wanapikwa na nyanya na vitunguu. Viazi vya Kabale mnavijua. Samaki wakubwa kama sangara msiwatarajie huko, wanaokata tamaa wale nyama.

Baba Aisha: Wifi mimi nimebadilisha kura yangu.

Swaleh: Kuna kisiwa nimesoma kina mti mmoja tu, wanakiita cha adhabu. Kweli au wanatafuta watalii?

Wifi Grace: Akampene. Kweli kabisa. Msichana wa Kikiga akipata mimba kabla ya kuolewa walikuwa wanampeleka pale wanamwacha. Nyasi tupu na maji. Asiyejua kuogelea anakufa njaa au anajirusha. Mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari alikuwa anaweza kwenda na mtumbwi akamchukua bure awe mke wake. Wako waliookolewa hivyo, wakazaa, wakaishi hadi uzee. Bibi yangu alikuwa akipita pale kwenye mtumbwi hasemi neno mpaka tukipite.

Bibi: 🎤 *Ujumbe wa sauti (1:31)*

Sauda: Bibi kaongea mengi, nafupisha. Anauliza aliyempa mimba yeye walimpeleka kisiwa gani? Halafu anasema watoto wasielezwe wakiwa kwenye boti. Waelezwe wakishafika nchi kavu, na wavulana waelezwe kwanza.

Shangazi Rukia: Mama ❤️

Wifi Grace: Mwambie Bibi tutapita Bwama pia. Pale ndipo palikuwa na hospitali ya ukoma, tangu miaka ya 1930, ya daktari Sharp. Siku hizi ni shule.

Baba Aisha: Kisiwa cha adhabu, kisiwa cha ukoma. Jamani tunakwenda likizo au mazishini?

Sauda: Na wenye kutaka kutembea kwa miguu?

Wifi Grace: Vilima vyote vimekatwa matuta, njia zinapita katikati ya mashamba ya mtama na viazi. Zinapanda wima, si mchezo. Asubuhi kuna umande, chukueni fimbo. Vijana wakitaka safari yenyewe, wanavuka ziwa kwa mtumbwi, wanapita msitu wa Echuya, wenye mianzi, wanatokea upande wa Kisoro kwenye ziwa Mutanda. Ukifika pale mbingu ikiwa safi unaona Muhabura, Gahinga na Sabinyo zimesimama pamoja. Muhabura peke yake ni mita 4,127. Lakini hiyo muichukulie mwongozo, msiende kwa ramani ya simu.

Shangazi Rukia: Magoti yangu yatabaki kwenye kiti yakiangalia ndege. Nasikia ndege ni wengi.

Wifi Grace: Korongo wenye taji wanakuja hadi mashambani, Shangazi. Hutahitaji kunyanyuka.

*Jumanne*

Shangazi Rukia: Nimelala nalifikiria jambo moja. Wifi, kando ya ziwa kina kikoje? Kuna mchanga wa watoto kuchezea?

Wifi Grace: Swali zuri. Mchanga wa ufukwe hakuna. Unaingilia kwenye gati la mbao au ngazi. Hatua mbili tatu kutoka ukingoni maji yanageuka meusi, huoni chini. Ni mlima ule, Shangazi, unaendelea kushuka ndani ya maji. Na ni ya baridi, ukiruka pumzi inakatika kwanza.

Shangazi Rukia: Nilijua. Basi mnisikilize. Mmeshangilia hakuna kichocho wala mamba, mkadhani kazi imekwisha. Asiyejua kuogelea ziwa safi linamzamisha sawasawa na chafu. Humu ndani wanaojua kuogelea ni nani? Kuogelea, si kusimama maji ya kifuani Entebbe na kupiga picha.

*(kimya cha dakika ishirini)*

Wifi Grace: Mimi.

Mjomba Hamisi: Zamani.

Sauda: Kidogo.

Shangazi Rukia: Watatu, na mmoja ni wa zamani. Jaketi okozi kila mtoto na kila mkubwa, kuanzia anapokanyaga boti mpaka anaposhuka, hata kama ni kuvuka hapa na pale. Ile boti ya starehe iliyozama upande wa Mukono Novemba 2018 ilikuwa na muziki na vinywaji, na ufukwe walikuwa wanauona. Walikufa zaidi ya 30. Ilibeba watu kupita kiasi, na wengi hawakuvaa jaketi.

Baba Aisha: Allah awarehemu. Nakumbuka ile wikendi.

Wifi Grace: Pale Rutinda boti za injini zina majaketi, lakini ya watoto wadogo huwa machache, na makubwa mtoto anateleza akatoka kwa chini. Ningesema tununue ya watoto Kampala. Angalieni yale yenye mkanda unaopita katikati ya miguu.

Shangazi Rukia: Huyu ndiye wifi.

Swaleh: Na mitumbwi ya kupiga kasia wenyewe?

Wifi Grace: Mtajaribu mkiwa na jaketi, karibu na gati. Ule ni gogo lililochongwa, asiyeuzoea unamzungusha palepale, unapiga kasia nusu saa unajikuta unaangalia hoteli ileile. Wazungu wote hufanya hivyo. Sisi watoto tulikuwa tunakaa ukingoni tunacheka.

Mjomba Hamisi: Usafiri. Nimezungumza na mwenye kosta, dereva namfahamu, hakimbizi gari. Tunatoka baada ya sala ya alfajiri. Kayabwe tunasimama kwenye ikweta dakika kumi, picha, tunaondoka. Wale wa maji yanayozunguka bakulini msiwape hela, ni kiini macho. Lukaya tunakula kuku na gonja, ndizi za kuchoma. Mbarara choo. Kabla ya magharibi tuko majini.

Sauda: Mchango: mkubwa laki moja na themanini, mtoto nusu. Hiyo ni kosta, kulala na boti. Jaketi za watoto mfuko mwingine, kila mzazi anamnunulia wake. Tumeni kwangu kabla ya tarehe 10.

Baba Aisha: Watoto watano jamani kuna punguzo?

Sauda: Ulipokuwa unawazaa hukuuliza punguzo.

Baba Aisha: 🙆🏾‍♂️

Shangazi Rukia: Mimi nabeba sanduku la dawa. Na Jumamosi tatu hizi, kuanzia wiki hii, nimekubaliana na mwenye bwawa hapa Makindye atuachie saa mbili hadi saa nne asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Watoto wote waje wajifunze kulala chali juu ya maji. Kulala chali tu kwanza, mbio baadaye. Na vijana waliojificha nilipouliza nao waje. Swaleh nakutaja kwa jina.

Swaleh: Shangazi Jumamosi mimi nina shughuli

Bibi: 🎤 *Ujumbe wa sauti (0:04)*

Sauda: Swaleh, Bibi anasema Jumamosi huna shughuli.