Umask iliyowahi kukuliza: tupeane uzoefu

Mlinda Seva: Wakuu, leo nimekuta faili langu la nywila za hifadhidata lina ruhusa 644 (mwenyewe anasoma na kuandika, wengine wote wanasoma), na seva tunaitumia watu wengi. Mwezi mzima yeyote angelisoma. Sikuweka ruhusa hiyo mimi, ni umask 022 tu, ile namba inayoamua faili jipya linyimwe ruhusa zipi. Nani mwingine yamemkuta?

Kimya Kimya: Mimi hapa. Sisemi zaidi.

Saa Nane Usiku: Yangu kinyume. Nilisikia 077 ndiyo salama, nikaitia kwenye .bashrc (faili la mipangilio ya shell) ya root, msimamizi mkuu wa mfumo. Nikapandisha tovuti, mafaili yote yakazaliwa 600 (mwenyewe tu), tovuti ikatoa 403 (hairuhusiwi). Usingizi umenishika, nikaandika amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote kwenye folda ya tovuti: `sudo chmod -R 777 / var/www`. Iangalieni hiyo nafasi baada ya mkwaju (/): imeigusa seva nzima. Ilivyochelewa kumaliza ndipo moyo ukapiga paa! Nikabonyeza Ctrl+C, najaribu sudo (amri ya kutenda kama root) tena: inagoma, eti biti ya setuid, inayoipa nguvu hiyo, haipo. Fungua ssh (njia ya kuingia seva kutoka mbali) dirisha la pili: funguo zimekuwa wazi mno, imekataa. Nimebaki na dirisha moja, nina macho lakini sina mikono. Bakapu ndiyo iliyoniokoa, alfajiri.

Bandika Bandua: 😂😂 nafasi moja tu!

Mlinda Seva: Pole mkuu. Yangu naona ni mafua tu.

Hesabu Kwanza: Rahisi jamani: ruhusa za kuanzia, faili 666, folda 777, toa umask.

Biti kwa Biti: Haitolewi! Jaribu umask 033 kwenye faili. Kwa kutoa unapata 633, kompyuta inakupa 644. Umask inazima biti, yaani ruhusa moja moja.

Hesabu Kwanza: Miaka yote natoa na napata jibu.

Biti kwa Biti: Kwa sababu hujawahi kutoka kwenye 022.

Kundi Moja: Mnaofanya kazi kwa kundi wekeni 002, na folda ipeni `chmod g+s`, faili jipya lirithi kundi.

Mjuzi Nusu: Mimi 077 kila mahali, kundi litajijua.

Bandika Bandua: Weka umask 777, hata wewe mwenyewe usisome.

Kimya Kimya: Na cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, haisomi .bashrc. Hayo ndiyo yaliyonikuta. Andika umask ndani ya skripti yenyewe.

Mlinda Seva: Nimeweka 027, mbona lile faili bado ni 644?

Biti kwa Biti: Umask haigusi faili lililokwisha kuzaliwa. `chmod 600`, kisha badilisha nywila zote.